Sindano Iliyokwisha Kazi

"Nikichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, ndiyo basi?"

Swali hili huulizwa na nesi aliyeajiriwa mwezi uliopita. Huulizwa na mfagiaji aliyeinua mfuko wa taka akahisi kitu kimemng'ata paja, na mhudumu wa afya wa kijijini anayetoboa vidole vya watoto chini ya mwembe. Mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, siku mbili tatu tangu jambo litokee, yaani wakati saa za thamani zimeshapita.

Jibu fupi: si basi. Wengi wanaochomwa hawaambukizwi chochote, na magonjwa mawili yanayotisha zaidi yana kinga, mmoja kwa chanjo na mwingine kwa vidonge vinavyoanzwa mapema. Jibu refu ndilo sura hii, nalo tunaliendea kupitia mwambao wa Ziwa Mweru, kwa sababu huko unaona waziwazi sindano zinatoka wapi na kwa nini huwa nyingi kiasi kile.

## Mwambao wa sindano nyingi

Nchelenge ni wilaya ya mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Mji wenyewe umeshikana na Kashikishi, mji wa soko na samaki, ilipo hospitali ya St Paul's yenye asili ya misheni ya Kikatoliki. Ziwani kuna visiwa, kikiwemo Kilwa (si ile ya masultani wa pwani), na ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mji ambao nao unaitwa Kilwa. Watu huvuka kila siku kwa ajili ya chisense, dagaa wa huku, kwa nguo, kwa misiba na kwa harusi. Tangu 2017 walivuka pia maelfu waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, mikoa ya Kongo, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa ndani ya wilaya hii. Ndiyo maana kwenye foleni ya kliniki utasikia Kibemba, na hatua chache nyuma yake Kiswahili cha Katanga.

Malaria ya huku haina likizo. Watafiti wa kituo cha magonjwa ya tropiki cha Ndola na wenzao wamekuwa wakiipima Nchelenge kwa miaka mingi. Nyumba zimepuliziwa dawa na vyandarua vimegawiwa, lakini ugonjwa umebaki palepale, hasa kwa sababu ya mbu aitwaye Anopheles funestus, anayezaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani. Mwambao wa ziwa, mito na vinamasi humpa makao mwaka mzima.

Sasa tuhesabu sindano. Mtoto analetwa na malaria kali, amelegea, viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu. Anatobolewa kidole ili apimwe. Anawekewa kanula, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa kwa msaada wa sindano. Dawa yake, artesunate, huja ikiwa unga ndani ya chupa ndogo. Unga huyeyushwa kwa kimiminika kimoja, ukazimuliwa kwa kingine, ndipo ukavutwa kwenye bomba la sindano. Dozi ya pili ni baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Katikati yake damu hutolewa ili kutafuta kundi linalolingana, kisha chupa ya damu hutundikwa nayo ikiwa na sindano yake. Kidole hutobolewa tena kuona kama vimelea vinapungua.

Huyo ni mtoto mmoja kwa siku moja, na ameshatumia karibu vitu kumi vyenye ncha, kabla hujahesabu kanula iliyochomoka aliporusha mkono. Zidisha kwa wodi ya msimu wa mvua, ambapo kitanda kimoja hulaza watoto wawili na nesi wa zamu ya usiku yuko peke yake.

Kwa hiyo malaria ni hatari ya kazini kwa nesi hata kama hakuna mbu aliyemgusa. Damu yenye vimelea ikipita kwenye ncha inaweza kumpa malaria yenyewe pia. Visa vya namna hiyo vimeandikwa katika nchi zisizo na malaria, ambako hakukuwa na mbu wa kusingiziwa. Nchelenge nani angejua tofauti?

## Kinachoingia na damu

Wanaosimamia afya huhofia zaidi virusi vitatu: virusi vya UKIMWI (VVU), homa ya ini B na homa ya ini C. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya aliyeambukizwa, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban huu:

- VVU: watu 3 kati ya 1,000.
- Homa ya ini C: wasiozidi 2 kati ya 100.
- Homa ya ini B: kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa.

Itazame orodha hiyo tena. Ugonjwa unaowanyima watu usingizi ndio unaoambukiza kwa shida kuliko yote matatu. Unaoambukiza kwa urahisi ndio ambao karibu hakuna anayeuulizia.

Hatari ya VVU haigawanyiki sawasawa. Hupanda ikiwa jeraha ni la kina, ikiwa damu ilionekana kwenye kifaa, ikiwa sindano ilitoka ndani ya mshipa, au ikiwa mgonjwa yuko hoi na hatumii dawa. Sindano yenye tundu katikati hubeba damu nyingi kuliko kile kisindano cha kutobolea kidole au sindano ya kushonea kidonda.

Kuna habari njema hapa ambayo haisemwi vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa 2021 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 9 Zambia anaishi na VVU. Ulionyesha pia kwamba zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wenye VVU walikuwa wamedhibiti virusi, yaani dawa zimevipunguza hadi vikawa vichache mno katika damu. Damu ya namna hiyo haiambukizi kirahisi. Vidonge anavyomeza mvuvi wa Kashikishi kila jioni vinamlinda pia nesi ambaye hajawahi kukutana naye.

Homa ya ini B ni kesi nyingine. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo hata tone lililokauka kwenye meza si la kudharau. Chanjo ipo tangu miaka ya 1980, ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Zambia iliiingiza katika chanjo za watoto wachanga katikati ya miaka ya 2000, maana yake wauguzi wengi walio kazini leo walizaliwa kabla yake na hawana kinga hiyo mpaka waitafute wenyewe. Na wafagiaji je? Wachoma taka? Ningekuwa mganga mkuu wa wilaya mwenye pesa kidogo, ningewachanja hao kwanza, kabla ya madaktari. Daktari anajua pa kuipata.

Kwa ufupi: kuchomwa si kuambukizwa. Homa ya ini B ndiyo rahisi zaidi kuingia, na ndiyo yenye chanjo.

## Sindano huuma lini?

Wengi hudhani ajali hutokea wakati wa kumchoma mgonjwa. Hutokea, hasa mgonjwa akishtuka. Lakini sehemu kubwa ya ajali huja baadaye, sindano ikiwa imekwisha kazi. Mvuvi wa ndoana anajua jambo hili: ndoana haimuumi wakati wa kuitupa majini, humuuma anapoinasua mdomoni mwa samaki huku akili iko kwa samaki anayefuata.

Fuata njia ya sindano baada ya kutoka kwenye ngozi ya mgonjwa. Nesi anairudishia kifuniko kwa mikono miwili, kifuniko kinateleza, ncha inaingia kidoleni. Au anaiacha kwenye sinia pamoja na pamba, na mwenzake anakuja kukusanya. Au anaichomeka kwenye godoro "kwa dakika moja tu". Au anatembea nayo wodi nzima kwa kuwa kisanduku kiko mlangoni. Au anaisukuma ndani ya kisanduku kilichokwisha kujaa. Isipomuuma yeye, inasafiri ndani ya mfuko mwepesi hadi kwa mfagiaji, kutoka kwa mfagiaji hadi shimoni, na shimoni huja watoto wanaotafuta mabomba ya kuchezea maji.

Julai 1998, nesi Mmarekani Karen Daley alikuwa kazini katika hospitali moja ya Boston. Alimaliza kutoa damu, akanyoosha mkono wenye glavu kutupa sindano kwenye kisanduku cha ukutani, na ncha ya sindano nyingine iliyokuwa imejitokeza ikamchoma. Miezi michache baadaye vipimo vilionyesha VVU na homa ya ini C. Alikuwa nesi mzoefu wa zaidi ya miaka 20, katika jiji lenye hospitali tajiri kuliko nyingi duniani. Kosa lilikuwa la kisanduku. Daley alijitokeza hadharani, akazunguka nchi nzima akidai sheria, na tarehe 6 Novemba 2000 Rais Bill Clinton alisaini sheria inayowalazimisha waajiri kununua vifaa vyenye kinga, mathalani sindano inayojirudisha ndani ya bomba lake ikishatumika. Mwaka uliofuata majeraha katika hospitali za Marekani yalishuka kwa zaidi ya theluthi. Wauguzi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni sindano.

Kwetu Afrika Mashariki mfano unaokumbukwa zaidi si wa sindano. Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Canada, alifika hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1961 pamoja na Piero Corti, ambaye alifunga naye ndoa mwaka huohuo. Katika vita vilivyofuata alipasua majeruhi wengi wa risasi, na vipande vya mifupa iliyovunjika vikawa vinamchana vidole ndani ya glavu. Mwaka 1985 aligunduliwa kuwa na VVU. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka, akafariki tarehe 1 Agosti 1996. Glavu husaidia kufuta baadhi ya damu inayokuwa juu ya ncha kabla haijafika kwenye ngozi, lakini haizuii ncha. Anayejiona salama kwa sababu amevaa glavu mbili anajidanganya kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba wahudumu wa afya wapatao milioni 3 kati ya milioni 35 duniani hupatwa na ajali za namna hii kila mwaka.

## Kutoka Yambuku hadi kisanduku cha njano

Zamani hatari kuu ilikuwa kwa mgonjwa. Mwaka 1976 katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo ya leo, wauguzi walipewa mabomba matano kila asubuhi, wakayasuuza kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ilipoingia ilisafiri kwa mabomba hayo. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki.

Bomba la kutumika mara moja lilikuja kuondoa balaa hilo. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga, yaani yasiyoweza kuvuta dawa mara ya pili, ifikapo mwisho wa 2003. Mgonjwa akaepuka hatari. Ila kila sindano iliyokuwa ikitumika mara mia ikawa sindano mia zinazohitaji pa kutupwa, na hatari ikahamia kwa anayezitupa. Sioni kama tumelikubali hilo mpaka leo. Bajeti ya mabomba huandikwa kwanza, na visanduku hufuata pesa ikibaki.

Kisanduku chenyewe ni kitu cha kawaida: karatasi ngumu, mara nyingi ya njano, ujazo wa lita 5, kinachobeba mabomba yapatayo 100. Kina masharti machache, na kila moja limeandikwa kwa damu ya mtu:

- Kikae pale mkono unapofika bila kupiga hatua, karibu na kitanda. Cha mlangoni ni pambo.
- Bomba na sindano yake huingia pamoja, bila kutenganishwa na bila kifuniko.
- Kikifika robo tatu, kifungwe. Hakishindiliwi, hakimwagwi ili kitumike tena.
- Visanduku vikiisha, chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iliyoandikwa wazi, ni bora kuliko mfuko.

Kurudishia kifuniko kusifanywe kabisa. Ikibidi, laza kifuniko mezani, uchote kwa ncha ukitumia mkono mmoja, mwingine ukiwa nyuma ya mgongo. Inaonekana kichekesho mpaka uijaribu.

Visiwani kuna ugumu wa ziada. Kituo kisicho na kichomea taka hupeleka visanduku bara kwa boti, ileile inayobeba abiria na magunia ya chisense. Karatasi ikiloa hulainika, na ncha hutokeza. Kabla ya safari, visanduku vitiwe ndani ya ndoo ngumu yenye mfuniko, na anayepokea ufukweni aambiwe ndani kuna nini. Kuli naye ana mikono.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo miongozo mingi hulipita. Mama aliyetoka juzi Pweto, upande wa Kongo, mtoto mapajani, hajui nesi anasema nini kwa Kibemba. Haoni kama sindano inakuja sasa au baadaye. Mtoto anashtuka, mama anamwachia, ncha inachomoka na kutua kwenye kidole cha nesi. Nesi aliyejifunza kusema, "Mama, kamata mutoto mukono, usimuachilie," amejipatia kinga isiyogharimu hata ngwee moja. Mtu wa pili wa kumshika mtoto ni bora zaidi, lakini zamu ya usiku haina mtu wa pili.

## Sindano ambayo haikuchomwa

Njia ya uhakika kuliko zote ya kuzuia jeraha la sindano ni kutokuwepo sindano. Hapa sisi wagonjwa tuna lawama yetu. Mtu anatoka kliniki na vidonge sahihi mkononi, anafika nyumbani ananung'unika: "Hata sindano sikuchomwa." Kesho anaenda duka la dawa kuchomwa kitu kisichohitajika. Katika nchi nyingi sehemu kubwa ya sindano za matibabu zingeweza kuwa vidonge au kutokuwepo kabisa, na kila moja ni ncha inayotafuta pa kulala.

Zambia inajua faida ya njia nyingine. Mwaka 2002 ilikuwa ya kwanza Afrika kuamua kwamba malaria ya kawaida itibiwe kwa vidonge vya mseto wa artemether na lumefantrine. Mtoto aliyezidiwa kijijini anaweza kuanzishiwa artesunate ya kuwekwa njia ya haja kubwa, bila ncha yoyote, akikimbizwa hospitali. Kila mtoto anayepata vidonge mapema, kabla damu haijapungua, ni karibu ncha kumi zilizobaki kwenye pakiti. Nesi anayewahimiza jirani zake walale kwenye chandarua anapunguza mzigo wa kisanduku chake mwenyewe.

## Umechomwa. Sasa?

1. Acha kazi. Mwombe mwenzako amalizie. Ukiwa peke yako, mweke mgonjwa salama kwanza.
2. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usifyonze, usimwagie Jik. Dawa kali huumiza nyama na haziondoi virusi.
3. Toa taarifa mara moja kwa msimamizi, na tukio liandikwe kwenye daftari pamoja na saa.
4. Upimwe VVU na homa ya ini siku hiyohiyo. Kipimo hiki kinaonyesha hali yako ya kabla ya ajali, na ndicho kitakachokutetea ukija kudai fidia.
5. Mgonjwa aombwe ridhaa naye apimwe. Akikataa au asipojulikana, usisubiri.
6. Anza dawa za kinga ya baada ya tukio, ambazo watumishi huziita PEP.

PEP ni vidonge vya ARV, yaani dawa za VVU, vinavyomezwa kila siku kwa siku 28. Vianzwe ndani ya saa chache, na visianzwe baada ya saa 72. Matokeo ya utafiti yaliyotolewa 1997 yalionyesha kwamba hata dawa moja ya zamani, zidovudine, ilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80, na dawa za leo ni bora na hazisumbui mwili sana. Kwa homa ya ini B, asiyechanjwa huanza chanjo siku ileile. Homa ya ini C haina dawa ya kinga, lakini siku hizi ina vidonge vinavyoiponya ikigundulika.

Saa 72 ni nyingi mjini. Kisiwani ziwa likichafuka, ni chache. Kwa sababu hiyo kila kituo cha ng'ambo ya maji kiwe na vidonge vya siku za mwanzo kabatini, na ufunguo ukae kwa aliye zamu. Ukikaa kwa mkubwa aliyekwenda semina mjini Mansa, kabati hilo halina maana.

Kwa nini basi watu hunyamaza? Wanaogopa kuambiwa wazembe. Wanaogopa kipimo cha siku ya kwanza, kwa sababu huenda kikaonyesha kitu cha zamani. Wanajua kwamba anayetunza daftari ni shemeji wa jirani. Hofu hizi zina msingi, na mkuu wa kituo anayezipuuza atabaki na daftari safi na watumishi wanaoumia kimya. Swali lake la kwanza kwa aliyechomwa liwe "Kisanduku kilikuwa wapi?" kabla ya "Ulikuwa unafanyaje?"

Swali la mwisho ninalolisikia mara nyingi ni la nyumbani: "Nimwambie mume wangu?" Ndiyo, kwa sababu mtahitaji kondomu mpaka vipimo vya ufuatiliaji vikamilike. Kwa kawaida hufanywa wiki ya 6 na mwezi wa 3, na sehemu nyingine tena mwezi wa 6. Anayenyonyesha azungumze na daktari siku ileile ya kwanza kabla ya kuamua lolote kuhusu maziwa. Wakati wote huo usichangie damu. Vidonge vikikuletea kichefuchefu, vimeze na chakula, lakini usiruke siku.